Baada ya Nzige

Mdororo Mkuu wa Uchumi niliumeza kama kwinini. Nilikuwa kidato cha sita, mchepuo wa HKL, na mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni. Sababu saba, athari nane, zote kwa Kiingereza. Hata ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia: soko la hisa la New York kuanguka Oktoba 1929, mabenki kufilisika, viwanda kufungwa, Hitler kushika madaraka 1933. Halafu makoloni: bei ya katani, kahawa na pamba ikaporomoka, vibarua wakaachishwa kazi, kodi ikabaki pale pale. Alama zangu zilikuwa safi tu. Tatizo lilianza nilipokwenda likizo.

Nyumbani ni Buhemba. Kwa msiopajua, ni huku Mara, wilaya ya Butiama, na ardhi yetu imetobolewa kama chekeche. Wakoloni walichimba dhahabu hapa, na mpaka leo wachimbaji wadogo wanashuka kwenye maduara. Mtoto wa kwetu huijua sauti ya karasha kabla ya kengele ya shule.

Jioni moja nakariri kwa sauti, babu akaniuliza nasoma nini. Nikamtafsiria: mwaka 1929 Wazungu waliishiwa fedha, na huku makoloni kazi zikakosekana. Babu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Zikakosekana wapi, mjukuu wangu? Baba yangu aliingia mgodini hapo hapo, baada ya nzige."

Baada ya nzige! Sisi tunahesabu miaka kwa namba, wazee wanahesabu kwa nzige na njaa. Lakini nzige wale wana tarehe: walivamia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo daftari langu linasema vibarua wanafukuzwa, na wakati huo huo baba wa babu anapewa kipande. Nani mwongo? Jamani, sikulala.

Jibu nilikuja kulipata kwenye kitabu cha uchumi cha kuazima. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni yake kwenye dhahabu. Januari 1934 Marekani ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Hebu ona: kila kitu kinashuka, dhahabu inapanda. Mwamba ambao jana haukulipa kuuchimba, leo unalipa. Watu wakamiminika Lupa, kule Chunya, na migodi ya huku Musoma nayo ikachangamka. Mdororo ule ule uliomtoa kibarua kwenye katani ya Mgiriki kule Tanga, huku kwetu ulimwita mtu shimoni. Mwaka huo huo wa 1934 mtoto mmoja wa jirani zetu Butiama, Kambarage, alianza shule Mwisenge, Musoma. Huyo tunamsoma. Walioshuka shimoni mwaka ule hawamo kitabuni.

Nilirudi shule kifua mbele. Kwenye jaribio nikaandika aya nzima ya Buhemba. Kalamu nyekundu ikapita: hakuna kwenye mwongozo. Tisa kati ya ishirini. Ticha akaniambia, kwa upole tu, "Wasahihishaji hawamjui babu yako." Sikumlaumu sana, alikuwa na madaftari ya watu themanini. Mtihani wenyewe ulipofika niliandika kama nilivyomeza, na nikafaulu. Mpaka leo linaniuma.

Babu naye hakuniachia nijisifu. Nilipomweleza habari za dola 35 alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na katika hiyo thelathini na tano, baba yangu alipata ngapi?"

Sikujua. Akaniambia baba yake wala hakufuata dhahabu. Alifuata kodi ya kichwa, maana pamba haikumlipa na karani wa kodi hakujua neno mdororo. Akatoka mgodini na kikohozi cha vumbi la mawe, wakazeeka pamoja, yeye na kikohozi chake. Hilo halimo kwenye zile athari nane. Wala halikuwamo kwenye aya yangu niliyoringa nayo.

Babu ameshafariki. Agosti 2020, dunia ikiwa kwenye korona, bei ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa aunsi, na mdogo wangu akaacha shule kidato cha pili. Sasa anafanya kazi kwenye karasha. Nikienda nyumbani ninambebea chakula cha mchana, na daftari langu kwapani. Ninawauliza yeye na wenzake: duara ni la nani, viroba vya mawe vinagawanywaje, mwenye leseni anachukua vingapi, kwako kinabaki nini? Wananicheka, wananiita mwandishi wa habari, lakini wanajibu, nami naandika, na tarehe naweka. Mara ya mwisho mdogo wangu alinijibu kope zikiwa nyeupe kwa vumbi. Katikati ya jibu akasimama kidogo, akakohoa, akaendelea.