Motisha, Hamasa na Ari

Katika tarafa ya Lubaga, mjini Kampala, lipo Ziwa la Kabaka. Lilichimbwa kwa mikono miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mwanga II, aliyetaka kuliunganisha kwa mfereji na Nnalubaale, yaani Ziwa Viktoria. Ilikuwa kazi ya shokoa. Hata wakuu walichimba, na aliyekosa alitozwa faini. Mfereji haukukamilika, na chuki iliyozaliwa pale ilichangia kumng'oa Mwanga mwaka 1888.

Wanasaikolojia huuita msukumo kama huo motisha ya nje: mtu hutenda kwa kutaka malipo au sifa, au kwa kuogopa adhabu. Motisha ya ndani hutokana na utamu au maana ya kazi yenyewe. Kwa kuwa wengi wetu tukisikia "motisha" tunafikiria posho, naona msukumo wa ndani unaodumu tuuite ari. Hamasa nayo ibaki kuwa ule mwako wa muda, kama wa mkutano wa hadhara.

Tukiyachanganya maneno haya, tunakosea. Kosa la kwanza ni kudhani zawadi huongeza ari daima. Mwaka 1973, Lepper, Greene na Nisbett wa Marekani walichunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti, baadaye walipoachwa wajichagulie mchezo, walichora kidogo kuliko wenzao.

La pili ni kungoja hamasa ndipo tuanze kazi. Mara nyingi mtu huanza kwanza, akaona anaweza, ari ikafuata.

La tatu ni kumwita mvivu kila aliyepoa. Huenda amekosa kitu: kwa mujibu wa nadharia ya wanasaikolojia Deci na Ryan, ari hulishwa na mambo matatu: uhuru wa kuamua, kujiona unaweza, na kushikamana na wenzako. Kwa mfano, katika mbio za Kabaka wa sasa zinazoanzia Lubiri, kasri lake la Mengo, humo humo Lubaga, watu hununua jezi kwa fedha zao ili wakimbie pamoja kuchangia afya ya umma. Hawalipwi, wanalipa.

Hata hivyo, ari si kisingizio cha kumnyima mtu ujira wake. Mshahara wa haki ni haki, na dhuluma huua ari upesi.

Mwalimu, mzazi, msimamizi: kabla hujaongeza zawadi au fimbo, muulize uliyenaye amekosa lipi kati ya yale matatu, kisha mpe hilo.