Nyumba za Maduka: Wahindi katika Mitaa ya Mji Mkongwe wa Unguja

Mji Mkongwe wa Unguja huelezwa mara nyingi kuwa ni mji wa Waarabu, kwa sababu makasri ya masultani ndiyo yanayoonekana kwanza kutoka baharini, ilhali mitaa ya ndani kama Hurumzi, Kiponda na Mkunazini ilipata sura yake kwa kiasi kikubwa kutokana na wafanyabiashara waliotoka Kutch na Gujarat, magharibi ya India. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliwavutia wafanyabiashara hao na kuikodisha forodha kwa kampuni ya Jairam Shivji, Mhindu wa ukoo wa Bhatia. Maana yake ni kwamba kampuni hiyo ilimlipa sultani kiasi kilichoafikiwa kila mwaka, kisha ikakusanya ushuru yenyewe na kubaki na ziada.

Alama ya Wahindi katika mji huo ni nyumba ya duka. Nyumba ya Kiarabu iliupa mtaa kuta nene zisizo na uwazi mwingi na ikauficha ua wake ndani, lakini nyumba ya Kihindi iliupa mtaa uso wake: chini palikuwa na duka lenye milango ya mbao iliyokunjwa asubuhi, nyuma yake stoo, na ghorofani makazi ya familia, penye roshani ambako wanawake waliweza kutazama njia. Mpangilio huo ndio uliozifanya njia nyembamba za mji kuwa masoko.

Hata hivyo, kuwaita wote “Wahindi” ni kurahisisha mno. Mabaniani, yaani wafanyabiashara wa Kihindu, waliabudu katika mahekalu yao. Makhoja walikuwa Waislamu wa madhehebu ya Shia waliomfuata Aga Khan na kusali katika jamatkhana, hadi baadhi yao walipojitenga mwishoni mwa karne ya 19 na kuwa Ithnaasheri. Mabohora walikuwa na msikiti na kiongozi wao. Na Wagoa, ambao ni Wakatoliki, walikuwa makarani, washoni na wapiga picha. Kila jamaa iliozeshana yenyewe kwa yenyewe. Tajiri wa Kikhoja Taria Topan, aliyewahi kukodi forodha, aliweka mwaka 1887 jiwe la msingi la zahanati inayotazama bandari, akafariki mwaka 1891 kabla jengo halijakamilika.

Jamaa hizi, zilizotengana katika ibada na ndoa, ziliunganishwa na wenyeji kwa mkopo. Mwenye shamba la karafuu alichukua fedha kabla ya mavuno, akaweka shamba rehani, na bei ilipoporomoka deni lilibaki palepale. Si ajabu kwamba Waswahili walisema Baniani mbaya kiatu chake dawa, kwani aliyelaumiwa kwa riba ndiye huyohuyo aliyekimbiliwa wakati wa shida. Serikali ya kikoloni iliingilia kati mwaka 1934 kwa sheria zilizozuia ardhi ya Waarabu na Waafrika kuhamia mikononi mwa wengine bila idhini, na mwaka 1937 ikaupa Umoja wa Wakulima wa Karafuu udhibiti wa ununuzi wa zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress kikahimiza karafuu za Zanzibar zisusiwe nchini India, iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, hadi yakafikiwa maafikiano mwaka 1938.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalivunja mfumo huo kwa kasi ambayo sheria za kikoloni hazikuikaribia. Majengo mengi yalitaifishwa, wenye maduka wengi wakahamia Dar es Salaam, Mombasa na Uingereza, na serikali ikagawa vyumba kwa familia za Ng’ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na za mashamba, ambazo zilipangishwa kwa kodi ndogo isiyotosha kutengeneza paa la nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.