Kindu: Pikipiki ya okazyo na gharama zake, tangu enzi za reli hadi leo

KINDU – Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia zinazokimbia vita zimekuwa zikiingia Maniema, nyingine kwa njia ya Shabunda, nyingine kwa Lubutu na Punia. Baadhi zimefika na pesa kidogo iliyobaki baada ya kuuza kiwanja, mbuzi au bidhaa za duka. Wazo la kwanza mara nyingi ni lile lile: kununua pikipiki ya okazyo, kijana wa nyumba awe motari, na jioni chungu kiwe na kitu.

Wazo si baya. Lakini swali linaloulizwa mbele ya muuzaji huwa ni "Ni ngapi?", na historia ya mji huu inaonyesha kwamba hilo ndilo swali dogo. Tangu mashini za kwanza zilipofika Kindu, bei ya chombo imekuwa mlango tu. Bei yenyewe huamuliwa na njia ambayo vipuri vinapitia kuja, na siku ambazo chombo kinalala kikivisubiri.

Tuanze na reli, kwa sababu bila reli Kindu haingekuwa mji huu. Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902 kwa mtaji wa Kibelgiji wa Empain. Kazi yake ilikuwa kuunganisha sehemu za Lualaba ambazo masua haziwezi kupita kwa sababu ya maporomoko. Kipande cha Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo leo ni Kisangani na Ubundu, kilifunguliwa mwaka 1906. Cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilimalizika mwisho wa mwaka 1910. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani, mahali panapoitwa leo Kalemie. Kwa hiyo mzigo wa Kindu ulikuwa na milango miwili: juu kwa treni, chini kwa masua, safari ya zaidi ya kilomita 300 za maji hadi Ubundu.

Hata wakati huo vipimo vilikuwa tatizo. Reli ya CFL ilikuwa na upana wa mita moja, ile ya Katanga ilizidi kwa sentimita 6.7. Kidogo hicho kilitosha kuzuia gari la reli la Katanga kufika hapa. Ni katikati ya miaka ya 1950 tu ndipo njia ya CFL ilipopanuliwa na kuunganishwa na ya Katanga kupitia Kamina. Fundi yeyote wa Kasuku aliyewahi kujaribu kuingiza pistoni ya aina moja katika silinda ya aina nyingine ataelewa uchungu wa mainjinia wale.

Upande wa Kalima, kampuni ya Symétain ilichimba bati tangu mwaka 1932, na mwaka 1976 kampuni za madini za Maniema na Kivu ziliunganishwa kuwa Sominki. Kampuni hizo zilikuwa na kamioni zao, na zilitunza barabara zilizozihitaji. Mwaka 1985 soko la bati la dunia likaanguka. Migodi ilipodhoofika, barabara zilidhoofika pamoja nayo. Wazee wa Kalima wanapoeleza jinsi gari lilivyofika Kindu kwa saa chache, vijana hucheka wakidhani ni hadithi. Barabara nayo ni sehemu ya gharama za mashini: kila shimo linalipwa na mwenye gurudumu.

Kisha vita. Waasi wa RCD walichukua Kindu Oktoba 1998. Treni ikasimama, mto ukawa hatari, na kwa miaka kadhaa mji ukaishi kwa ndege chache na kwa baiskeli. Hapo ndipo Kindu ilijifunza hesabu ambayo wengi wameisahau. Wanaume walipanga mafuta ya mawese, mchele, chumvi na sabuni juu ya baiskeli moja, wakafunga fimbo kwenye usukani, fimbo nyingine nyuma ya kiti, na kuisukuma kwa miguu siku nyingi msituni. Baiskeli haikuwa ya kupanda, ilikuwa punda.

Mtu aliyenunua baiskeli wakati ule hakuangalia rangi. Aliinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, akasikiliza. Aliuliza spoku zimebaki ngapi, kama tairi limeshonwa, na kama ekseli ni ya aina inayopatikana. Kwa sababu tairi likipasuka katikati ya Kindu na Kasongo hakukuwa na duka. Kulikuwa na kamba, kipande cha mpira wa zamani na subira. Baiskeli ya bei rahisi yenye ekseli mbovu ilimfanya mtu alale njiani na mzigo wake, na kulala njiani miaka ile kulikuwa na bei nyingine kabisa. Walioishi siku hizo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Serikali ya mpito ilianza mwaka 2003, na treni ikarudi Kindu mwaka 2004. Mashirika ya misaada yalikuwa na pikipiki zao, na za kukumbukwa ni Yamaha: DT 125 ndefu ya milima, na AG 100, ambayo herufi zake mbili zinatokana na neno la kilimo, maana ilitengenezwa kwa wafugaji na wakulima. AG 100 ni chombo cha heshima. Sheni yake imefunikwa yote ili vumbi lisiingie, ina karia mbele na nyuma, na wahudumu wa afya wameitumia kufikisha chanjo mahali ambapo gari halifiki. Mashirika yanapofunga kazi au kubadilisha vyombo, hizi huuzwa, na watu hugombania.

Hapa ndipo wengi huteleza. AG 100 na DT 125 za zamani ni za mapigo mawili: zinachoma oili pamoja na petroli, na zina pampu ndogo ya kuichanganya. Pampu ikichoka, mafundi wengi huiondoa na kumwambia mwenye chombo achanganye kwa mkono. Siku akisahau, au akitia kidogo, pistoni inakwama ndani ya silinda. Na pistoni ya Yamaha si kitu cha kuokotwa kwenye kila meza ya soko. Chombo ni bora kuliko cha Kichina, hakuna ubishi. Lakini ubora uliotengenezwa Japani haumsaidii mama wa Mikelenge ikiwa kipande kinachokosekana kiko Kampala.

Pikipiki za Kichina zilizojaza miji ya mashariki ya Congo katika miaka iliyofuata zina historia yao, na inafaa ijulikane. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125. Kabla ya kuitengeneza, mainjinia wao walitembelea nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi, wakakuta jambo lililowashtua: watu walibeba mizigo kupita kiasi, hawakubadilisha oili mpaka imekuwa lami, na mashini zilizosifiwa Japani zilikufa mapema. Badala ya kuwalaumu wateja, walibuni mashini ya kuvumilia. Waliacha mtindo wa sheni ndogo inayozungusha valvu kutoka juu, wakarudia fito za kusukuma, mtindo wa kizamani lakini mgumu kuua na rahisi kufungua. Yaani CG125 ilizaliwa kutokana na uvivu wa watu kutunza vyombo.

CG125 ikatengenezwa pia Brazili na Pakistani, na viwanda vya Uchina, hasa vya Chongqing na Guangdong, vikainakili kwa wingi. Ndiyo maana chini ya majina mengi yaliyobandikwa kwenye matangi ya Kichina, fundi mara nyingi hukuta tumbo lile lile. Silinda ya CG125 ya asili ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni zake zinauzwa karibu kila mahali. Baadaye zikaja za Kihindi: Boxer ya Bajaj, kampuni iliyoshirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, na TVS, iliyokuwa na Suzuki hadi walipoachana mwaka 2001. Hizi mara nyingi hunywa petroli kidogo na hudumu, ila vipuri vyake si vya kubahatisha. Pyesi ya kuiga ikiingia ndani, faida ya Uhindi inakwisha.

Basi mtu anayetaka okazyo leo anunue ipi? Jibu la historia ni kavu: ile ambayo pistoni, sheni na tairi lake viko mezani Kindu asubuhi hiyo, hata kama si nzuri kuliko zote. Kabla ya kumtazama muuzaji, inafaa mnunuzi azunguke kwanza kwa wauza vipuri na kuuliza bei za vitu vitano: pistoni na segmenti zake, sheni na pinyo mbili, diski za embreyaji, tairi la nyuma, na oili. Hapo atajua anachonunua.

Chukua hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Pikipiki moja inauzwa dola 450, nyingine 600. Ya kwanza inahitaji silinda kuchongwa na pistoni mpya, sheni na tairi, jumla dola 190. Inalala garaji siku kumi ikisubiri pyesi, na kila siku ingeleta dola 5: hizo ni 50 zilizopotea. Jumla 690. Ya pili inahitaji sheni tu, dola 25. Jumla 625, na ilianza kazi siku ya pili. Familia ya wakimbizi haina siku kumi za kusubiri. Ndiyo maana ile ya 450 ni ghali.

Oili pia ina hesabu yake. Motari anayekimbia kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anapata 2,600. Kwenye vumbi jekundu letu, kubadilisha kila kilomita 1,000 si anasa. Mashini ya aina ya CG hunywa karibu lita moja, kwa hiyo ni lita mbili hadi tatu kila mwezi, kabla ya petroli, kabla ya polisi wa barabarani. Asiyeweka pesa hiyo pembeni anakula pistoni yake polepole pamoja na wali.

Mambo ya kutazama mafundi wanayajua. Moshi wa buluu maana yake ni oili inaungua na segmenti zimechoka. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na katika mji ambao pikipiki huvuka kwenda Alunguli ndani ya mtumbwi, jambo hilo linawezekana kabisa. Meno ya pinyo yaliyolala upande mmoja kama ya msumeno yanadai sheni na pinyo zote pamoja. Kubadilisha sheni peke yake ni kutupa pesa. Kichujio cha hewa wengine hukitoa ili chombo kivute vizuri, na hapo vumbi linaingia moja kwa moja kusaga silinda. Swali ambalo wachache huuliza ni silinda imechongwa mara ngapi. Pistoni kubwa huja kwa hatua za robo milimita, kutoka 0.25 hadi 1.00. Ikiwa tayari imefika mwisho, ukarabati unaofuata si pistoni, ni silinda nzima.

Karatasi nazo ni gharama. Namba ya moteri na ya chasi zisipolingana na za karti rozi, mnunuzi amenunua mabishano. Kwa familia iliyotoka mbali, isiyo na mtu wa kuitetea mjini, pikipiki iliyoibwa Shabunda au Kasongo inaweza kukamatwa pamoja na kijana aliyeipanda.

Sasa njia za vipuri zimebana tena. Ndege kutoka Goma, zilizokuwa zikileta mizigo Kindu, zilikatika uwanja ule ulipofungwa Januari 2025. Imebaki reli ya kusini, ambayo haina haraka, mto hadi Ubundu, na barabara ambazo kila mvua huzikata upya. Pyesi inayopita njia hizo hufika na bei ya njia hizo.

Wauzaji wajanja huwasha pikipiki mapema na kumwambia mnunuzi, "Mama, hii ni ya kuwasha na kwenda." Mashini yenye joto huficha mengi. Wazee waliosukuma baiskeli za vita wana dawa yake: fika alfajiri bila kutoa habari, na fundi wako mwenyewe, weka mkono juu ya moteri. Ikiwa ni ya baridi, mwombe muuzaji aiwashe.