Vya Bibi, sehemu ya 4: Bangili inayojifanya pembe

Tangu niweke picha ya zile bangili za bibi, wengi mmeniuliza ninazikusanyia nini plastiki kuukuu wakati vipya vimejaa sokoni hapa Sumbawanga. Haya, leo nawajibu.

Iangalie ile ya rangi ya maziwa. Inajifanya pembe ya ndovu, na pembe yenyewe ilitoka huku huku kwetu! Karne ya 19 misafara ilikatiza Ufipa na kando ya Ziwa Tanganyika, watu wamebeba pembe mabegani mpaka pwani. Kutoka Zanzibar zilikwenda Ulaya na Marekani, zikachongwa vitana, vinanda na mipira ya biliadi. Bei ikapanda, hadi kampuni moja ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu cha kushika nafasi yake. John Wesley Hyatt akatengeneza seluloidi, akaisajili mwaka 1870. Imetokana na nini? Pamba na kafuri. Ndiyo, kafuri hiyo hiyo unayoijua. Bakelite ikafuata mwaka 1907, na baadaye hizi plastiki za kila rangi.

Kwa hiyo ndovu aliondoka, akarudi bangili.

Misafara hiyo ilikuja na shanga za kioo, nyingi za kutoka Venice. Burton, aliyefika ziwani mwaka 1858, aliandika kwamba zile nyekundu, samesame, ziliitwa pia kivunja mji, eti wanawake wangefilisi waume zao kwa ajili yake. (Hao wanaume waliobeba bunduki na pombe hawakuvunja mji, sawa!) Ila wanawake ndio walioamua soko. Rangi ikipitwa, msafara unabaki na mizigo ya shanga na hakuna wa kuwauzia chakula. Ndiyo maana sicheki mtu anayependa urembo wa bei ndogo.

Sasa hapa naongea kama nesi. Bibi zetu walimfunga mtoto shanga kiunoni: zikibana, mtoto ananenepa, zikilegea, kuna jambo. Ilikuwa mizani yao, na mimi naiheshimu. Lakini usiku mmoja zamu yangu aliletwa mtoto, uzi umekatika, punje moja iko puani. Ilitoka salama. Mama yake alitetemeka mpaka asubuhi. Ingeshuka kwenye njia ya hewa, ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Basi vya zamani vaa wewe. Mtoto mdogo usimpe, hata kushikia tu, maana atatia mdomoni, na baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi. Seluloidi iweke mbali na jiko, inashika moto haraka mno. Na uzito wa mtoto mlete tupime kliniki.

Za bibi nimezitia kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati. Wiki ijayo ni zamu ya hereni. Kama bibi yako bado yupo, muulize za kwake alizinunua wapi, uniandikie hapa chini.