Bakuli Lenye Mkia wa Samaki

 Ninyi mliomo darasani na karatasi hii mbele yenu, someni pamoja nami polepole. Neno likiwashinda, litieni alama, na mwalimu atawaeleza baadaye.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya vita wala ya wafalme, ingawa wafalme nao watapita. Ni historia ya ufa katika bakuli la mti.

Labda nyumbani kwenu kipo kibuyu kilichopasuka kikashonwa. Bibi alitoboa vitundu huku na huku ya ufa, akapitisha uzi au waya, akaukaza, na kibuyu kikarudi kazini. Vyombo vya mti navyo hupasuka: bakuli, fua, hata kinu. Kwa nini? Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka husinyaa, lakini hausinyai sawasawa pande zote. Tazama kisiki kilichokatwa. Mara nyingi utaona duara ndani ya duara. Mti husinyaa kwa kuzifuata duara hizo karibu mara mbili kuliko unavyosinyaa kutoka ganda kuelekea kwenye kiini. Upande mmoja huvuta kuliko mwingine, na mwishowe lazima pawe na mahali pa kuachia. Hapo ndipo panapoingia ufa. Basi usiwe mwepesi wa kumlaumu fundi.

Sasa twende mbali, mpaka visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Nimevichagua kwa sababu huko kuganga bakuli kulikuwa ufundi mkubwa na wenye heshima.

Chakula kikuu cha wenyeji wa Hawaii kilikuwa magimbi, haya haya tunayoyajua sisi. Waliyaoka katika shimo lenye mawe ya moto, wakayaponda, wakatia maji mpaka yakawa uji mzito. Uji huo huitwa poi. Uliwekwa katika bakuli kubwa la mti liitwalo umeke, nao watu walikaa kulizunguka, wakala kwa vidole. Ilikuwa desturi kwamba bakuli la poi likiisha kufunuliwa, ugomvi wote lazima ukome. Nadhani nyumba nyingi zingefaidika na desturi hiyo.

Watu hao hawakufinyanga vyungu wala hawakufua chuma. Bakuli lilichongwa kwa tezo la jiwe. Fundi alikata gogo, akalichonga nje, akalichimba ndani kidogo kidogo, kisha akalisugua kwa matumbawe na mawe, akamalizia kwa majani makavu ya mshelisheli yaliyokuwa kama msasa wake. Mti uliopendwa kuliko yote uliitwa kou, kwa kuwa ni rahisi kuchongwa, una mistari mizuri, na hautii ladha yake katika chakula. Mti huo huota pia kando ya Bahari ya Hindi, hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Sasa fikiri. Bakuli limechukua siku nyingi za kazi. Kila siku hutiwa chakula chenye maji, huoshwa, hukauka, hulowa tena. Siku moja linapasuka. Je, utalitupa?

Hawakulitupa. Fundi alitoboa kwanza tundu dogo mwisho wa ufa, ili ufa usiendelee mbele. Kisha alichonga kiraka cha mti chenye umbo la mikia miwili ya samaki iliyounganishwa: kipana huku, kipana huku, chembamba katikati. Katika lugha ya Hawaii kiraka hicho huitwa pewa, na neno hilo maana yake ni mkia wa samaki. Aliweka pewa juu ya ufa, kiuno chake kikiwa juu ya ufa wenyewe, akachora ukingo wake, akachimba nafasi ya umbo lile lile ubavuni mwa bakuli, halafu akakipachika kiraka kwa nguvu.

Hebu chora umbo hilo katika daftari lako uone werevu wake. Ufa ukitaka kupanuka, lazima uvute zile ncha pana zipite katika nafasi nyembamba ya katikati, nazo haziwezi kupita. Kiraka kinashika pande zote mbili kama mtu aliyeshika mikono ya watoto wawili wanaotaka kukimbia huku na huku. Lakini nyuzi za mti wa kiraka ni lazima zitoke upande mmoja wa ufa mpaka upande wa pili. Zikilala sambamba na ufa, kiraka kitavunjika kiunoni, na kazi yote itakuwa bure. Ufa mrefu ulihitaji pewa kadhaa zilizopangwa kwa safu. Tundu la fundo la mti, kwa upande wake, lilizibwa kwa kipande cha duara.

Angalia pia jambo hili: fundi hakukificha kiraka. Kilionekana wazi, kimesuguliwa kikang'aa pamoja na bakuli. Watu waliliangalia bakuli lenye viraka vingi vizuri wakalithamini kuliko bakuli zima lisilo na alama. Mabakuli ya machifu yaliweza kupewa majina, nayo yalirithiwa na watoto na wajukuu. Kila kiraka kilionyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyeona chombo hiki kinastahili kugangwa. Wako wanaosimulia habari hii kana kwamba ni mapenzi ya uzuri tu. Mimi naona tusisahau sababu ya kawaida: aliyechimba gogo kwa jiwe anajua gharama ya bakuli jipya.

Mwezi wa Januari 1778 merikebu za nahodha Mwingereza, James Cook, zilifika Hawaii. Wenyeji walipenda sana chuma, hata misumari. Baada ya hapo wageni waliongezeka, na karne ya 19 ikaleta mambo matatu yaliyogusa bakuli letu.

La kwanza lilikuwa maradhi. Magonjwa ya kigeni yaliua watu kwa wingi, na hesabu ya mwaka 1872 ilikuta watu wasiofika 60,000 katika visiwa vyote, wageni wakiwa ndani yake. Mafundi nao walikuwa miongoni mwa waliokufa. La pili lilikuwa mdudu. Nondo mmoja alishambulia majani ya kou, na miti hiyo ikafa kwa wingi hata ikawa adimu. Aliyekuwa na bakuli la kale la kou akajua kwamba kupata la namna hiyo tena ni shida. La tatu lilikuwa kerezo, yaani chombo kinachozungusha gogo mbele ya patasi ya chuma. Bakuli lililochukua siku nyingi kwa tezo la jiwe sasa liliweza kukerezwa kwa muda mfupi, jembamba na la duara kamili. Kwa kuwa kou ilikuwa adimu, wakerezaji walitumia sana mti mwingine uitwao koa, na mabakuli mengi yakauzwa kwa wageni kama ukumbusho wa safari.

Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Mabakuli ya machifu mengi yalikwisha kuingia katika Jumba la Makumbusho la Bishop, lililoanzishwa Honolulu mwaka 1889. Yamo humo mpaka leo, na mikia yao ya samaki ubavuni.

Bakuli lililokerezwa nalo hupasuka, kwa maana kerezo halibadili tabia ya mti. Ndiyo sababu wakerezaji wa Hawaii wa siku hizi bado hutia pewa penye ufa. Lakini wapo pia wanaoipachika mahali pasipo na ufa wowote, kwa urembo tu, kwa sababu mnunuzi huipenda. Sisemi ni kosa. Ila hiyo haigangi kitu.

Kiswahili kina neno moja kwa kazi hizi mbili: mganga huganga mgonjwa, na seremala huganga chombo.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Tafuteni nyumbani chombo kimoja cha mti au kibuyu kilichowahi kugangwa. Ulizeni wazee ni nani aliyekiganga, alitumia kitu gani, na kwa nini hakikutupwa. Andikeni majibu kwa mistari mitano, mje nayo darasani. Asiyepata chombo kama hicho na aandike ni kitu gani nyumbani kwake kilivunjika kikatupwa, na bei ya kipya ilikuwa shilingi ngapi.