Hata pakiti ina cheo chake

Wiki hii darasani tumefika kwenye ruta, na mimi nimenasa kwenye baiti moja tu. Ngoja niwape historia yake.

Mwaka 1981 ilipotoka RFC 791, waraka ulioweka kanuni za IPv4, kila pakiti ilipewa biti 8 za kueleza inataka huduma gani. Biti 3 za mwanzo zilikuwa za cheo. Hapo unapata ngazi 8, na majina ya nyingi yalitoka kwenye ujumbe wa jeshi la Marekani: wa kawaida chini kabisa, kisha wa haraka, kuendelea juu.

Tatizo likawa hili: cheo anaandika mtumaji mwenyewe. Sasa nani atajiandika mdogo? Na foleni ya wakubwa watupu, jamani, ni foleni ileile.

Mwaka 1987 mambo yakabana. NSFNET, mtandao uliounganisha vituo vya utafiti na vyuo Marekani, ulikuwa na laini za kilobiti 56 kwa sekunde. Ukajaa. Ruta zake, zilizoitwa Fuzzball, kazi ya David Mills, zikawekwa zitangulize pakiti za Telnet. Mtu wa Telnet anabonyeza herufi na kusubiri aione. Faili kubwa linaweza kungoja kidogo.

Ruta inaweza kumtambua mtu bila kuuliza cheo: inasoma anwani za pande mbili, protokali na namba za poti (Telnet ni 23). Ila kupekua hivyo kila pakiti, kwenye kila ruta, ni kazi nzito.

Desemba 1998 zikaja RFC 2474 na 2475. Baiti ileile ikapangwa upya: biti 6, kodi 64. Upekuzi unafanyika mlangoni mwa mtandao, na ruta ya mlangoni inaweza kufuta cheo ulichojipa. Za katikati zinasoma kodi tu na kupanga foleni. Sauti ya simu kwa kawaida hupewa 46.

Ninachokiona mimi: baiti hii haiongezi upana wa laini hata kidogo. Inaamua nani asubiri. Kwa hiyo mwenye mlango ndiye mwenye mamlaka.

Haya wadau, laini ya chuo ikijaa, nani atangulie: anayefanya mtihani mtandaoni, au anayeongea na mama yake kijijini? Nasubiri maoni.