UZI: "Tutawapasulia moyo hapa hapa nyumbani". Historia ya ahadi hii

Kila msimu wa kampeni huku Nyamira lazima mtu apande juu ya gari aseme mgonjwa wa moyo hatasafirishwa tena, atapasuliwa nyumbani. Upande wa pili unajibu kwamba huo ni uongo wa kutafuta kura. Sitaji mtu wala chama. Ninachotaka ni tuangalie huduma hii ilifikaje ilipo, maana pande zote mbili zinabishania jengo, na jengo ndilo sehemu rahisi.

Upasuaji wa kifua ulikua kwa sababu ya TB. Kabla ya dawa, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanamkata mgonjwa mbavu ili pafu lilale, lipumzike, lipone. Streptomisini ikagunduliwa 1943, isoniazidi ikaanza kutumika 1952, na kazi hiyo ikapungua hadi karibu iishe. Kumbuka hapo, nitarudi.

Moyo ulichelewa zaidi. Ni 1953 tu, Philadelphia, ndipo daktari John Gibbon alifanikiwa kumpasua msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu.

Kwetu Kenya, KNH ilianza 1901 kama hospitali ya Waafrika yenye vitanda 40. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza pale miaka ya 1970, na kwa muda mrefu foleni ya nchi nzima ilielekea Nairobi. Mater ikaingia miaka ya 1990, na zile mbio za kila mwaka za kuchangia watoto wenye shida ya moyo. Harambee, kama kawaida yetu.

Sasa njooni karibu na nyumbani. Ukitoka Ekerenyo ukapita Chebilat na Sotik, unafika Bomet, kaunti tunayopakana nayo. Pale kuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza 1937. Kwa zaidi ya miaka 20 iliendeshwa na manesi. Daktari wake wa kwanza wa kudumu alifika 1959. Mwaka 1987 wakawasha umeme wao wenyewe kutoka maporomoko ya mto Nyangores. Kifua walianza na saratani ya umio, ambayo huku kwetu magharibi mwa Bonde la Ufa inaua watu wengi: mgonjwa anafika hawezi hata kumeza uji, wanamwekea kibomba cha waya kufungua njia ya chakula. Baadaye zikaja timu za wageni za upasuaji wa moyo, wiki moja moja, huku wenyeji wakijifunza. Leo wanapasua moyo wenyewe na wanafundisha madaktari wa Kiafrika kazi hiyo.

Hesabu miaka hiyo. Huo ndio urefu wa barabara, na hakuna muhula wa uchaguzi unaotosha kuimaliza. Tanzania pia, upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili 2008, na taasisi kamili ya moyo ikaja 2015. Walitangulia kuandaa watu.

Watu gani? Si daktari mpasuaji peke yake. Kuna wa usingizi, kuna anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, kuna manesi wa ICU usiku na mchana, kuna benki ya damu. Akikosekana mmoja, siku hiyo hakuna upasuaji. Mnakumbuka ule mpango wa vifaa wa 2015, hospitali 98, zikiwemo mbili kwa kila kaunti, shilingi bilioni 38? Mashine zilifika. Kuna mahali zilikaa zimefunikwa plastiki kwa kukosa wa kuziendesha au stima ya kutosha. Mzozo wa kaunti na serikali kuu kuhusu nani analipa nini sisemi, mliusikia wenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Vijana wengi wanaohitaji vali mpya Afrika Mashariki hawakuzaliwa na moyo mbovu. Walikuwa watoto walioumwa koo. Bakteria wa koo asipotibiwa anaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikijirudia inakula vali polepole mpaka mtu ana miaka 20 na hawezi kupanda mlima na gunia la majani chai. Dawa ya koo ni penisilini. Aliyeshapata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka, ili vali zisiharibike zaidi. Nchi tajiri karibu zimeusahau ugonjwa huu, kama zilivyosahau kukata mbavu kwa ajili ya TB.

Na aliyepasuliwa je? Akiwekewa vali ya chuma anarudi kijijini na warfarini maisha yake yote. Lazima apimwe damu mara kwa mara: ikiwa nzito vali inaziba, ikiwa nyepesi mno anavuja damu ndani. Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, dawa hiyo ni hatari kwa mtoto tumboni, anahitaji daktari kabla ya kushika mimba. Hayo yote yanatokea Ekerenyo, hayatokei Nairobi.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi: hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, vituo vya afya vya kaunti na maduka yao ya dawa ni vya kaunti. Kwa hiyo anayeomba kiti cha kaunti akikuahidi thieta ya moyo, anakuahidi kitu kigumu huku kile kilicho mikononi mwake hakitaji.

Kwenye kikao kijacho cha wananchi kuhusu bajeti ya kaunti nitauliza mawili. Sindano ya penisilini ya muda mrefu imetengewa shilingi ngapi? Na mtu wa Ekerenyo mwenye vali ya chuma anapimiwa damu wapi, siku gani, kwa bei gani? Jibu nitaliweka hapa chini ya uzi huu.